Kaka, achana na ruta, angalia DNS

Mambo vipi kaka,

Meseji yako nimeisoma nikaona bora nikuandikie kabisa maana kwa simu tungekatika katika. Unasema kompyuta za jengo la zamani, za 192.168.10.0, zimeingia kwenye domeni (lile kundi la kompyuta za ofisi linalosimamiwa na seva) fresh, ila za jengo jipya za 192.168.20.0 zinagoma eti domeni haionekani, na wakati huohuo ukiipingi seva kwa IP inajibu. Basi kama pingi inarudi ujue ruta inapitisha, kwa hiyo asije mtu akakwambia mnunue ruta mpya au mlundike mashine zote kwenye sabneti (kipande cha mtandao) moja, hela ya bure hiyo. Active Directory, ule mfumo wa Windows unaosimamia domeni, haina shida na sabneti hata ziwe 20, kompyuta inachotaka ni kujua domain controller, yaani seva inayoendesha domeni, iko wapi, na hilo inaiuliza DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa IP.

Nenda kwenye mashine moja ya huko, fungua CMD, piga ipconfig /all usome pale kwenye DNS Servers. Nadhani utakuta IP ya ruta au 8.8.8.8, na Google itaijulia wapi domeni ya ndani ya ofisi yenu? Weka IP ya seva peke yake. Tena usiiache 8.8.8.8 iwe ya pili, hiyo ndo inaleta ule ugonjwa wa leo inakubali kesho inakataa, intaneti watapata tu kwa sababu seva yenyewe itawaulizia huko nje. Rekebisha kwenye DHCP, ile inayozigawia mashine IP na DNS, ili usizunguke mashine moja moja. Halafu piga

nslookup -type=srv _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.local

ukiweka jina la domeni yenu, likitokea jina la seva hapo kazi kubwa imeisha. Na unapojoini andika jina refu, ofisi.local, sio OFISI tu, jina fupi mara nyingi linatafutwa kwa brodikasti (kuuliza mashine zote za sabneti kwa mpigo) na brodikasti haivuki ruta.

Ikigoma bado cheki fayawoli ya katikati, porti 53, 88, 135, 389, 445, 464 na zile za RPC 49152 mpaka 65535. Saa nayo, ikipishana na ya seva zaidi ya dakika 5 Kerberos, ile inayothibitisha utambulisho kwenye domeni, inakataa. Na kama kuna mashine ina Windows Home hiyo usihangaike nayo, haiingii domeni.

Ile sabneti mpya iongeze kwenye Sites and Services (sehemu ya Active Directory ya kupanga sabneti ipi ni ya jengo lipi), siku mkiweka seva ya pili huko kila kompyuta itajua ya kwake.

Kabla hujagusa kitu nitumie picha ya hiyo ipconfig, mi niko hewani mpaka jioni.