Wenye boti wasibebeshwe peke yao gharama za mifereji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji mwenzetu wa hapa Uingereza aliyeandika kwamba mifereji ya kale ya kupitishia boti ni starehe ya wastaafu wenye boti, kwa hiyo wailipie wenyewe. Naishi Todmorden, mji uliopitiwa katikati na mfereji wa Rochdale, na siwezi kulinyamazia jambo hili.

Wenye boti wakishindwa kulipa, mfereji haufungwi tu kama duka. Chini yake umetandazwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ukikauka hupasuka, na maji yakirudi huvuja. Juu milimani kuna mabwawa yanayoulisha, na hayo ni ya kutunzwa boti zipite zisipite. Agosti 2019 mvua kubwa ilibomoa sehemu ya bwawa la Toddbrook, lililojengwa kuupatia maji mfereji wa Peak Forest. Watu wapatao 1,500 wa Whaley Bridge, mji ulio chini ya bwawa hilo, walihamishwa makwao. Sasa gharama ya kuimarisha bwawa la namna hiyo tumdai mwenye boti?

Taasisi ya Canal & River Trust inatunza kilomita 3,200 hivi za mifereji na mito England na Wales, zenye boti zaidi ya 35,000. Tangu Aprili 2024, wasio na maegesho ya kudumu wanatozwa nyongeza kwenye leseni, na itapanda hadi asilimia 25 ifikapo 2028. Wengi wao si matajiri. Wapo waliohamia majini kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda. Wakati huohuo serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba kuanzia 2027 ruzuku yake kwa taasisi hiyo itapungua asilimia 5 kila mwaka kwa miaka 10. Huo si uungwana.

Tena boti hizo zinafanya kazi. Mfereji wetu una vizingiti 91 vya kupandisha na kushusha boti. Mtazame mwenye boti akifika: anafungulia maji kwa mkono, anangoja yalingane, kisha anaegemeza mgongo kwenye boriti na kulisukuma lango la mwaloni hatua kwa hatua, huku watoto wa mtaa wakimkimbilia kusaidia. Lango linalosukumwa hivyo kasoro yake huonekana mapema. Akimaliza anafunga kamba na kuingia mjini kununua mkate, dizeli na chakula cha jioni.

Tulikwisha kuyaona ya kufunga. Rochdale ulifungwa kwa safari ndefu mwaka 1952. Barabara kuu zikaukata, na kule Failsworth duka kubwa likajengwa juu yake. Kuufungua tena wote, mwaka 2002, kuligharimu mamilioni ya pauni.

Mimi sina boti. Natembea kando ya maji karibu kila siku na sijatozwa hata peni moja. Wajenzi wanauza maghorofa kwa bei ya juu kwa sababu dirisha linatazama mfereji. Hao wachangie, na serikali ipandishe ruzuku kulingana na mfumuko wa bei. Halmashauri nayo ikiniongezea pauni chache kwenye kodi yangu kwa ajili ya njia ile ya miguu, nitalipa bila kunung'unika.

Msomaji wako,
Todmorden, Uingereza