"Nililipia kuchuliwa, mbona mnanifanyisha mazoezi?"

Wiki iliyopita mama mmoja mwalimu alishuka kitandani, akavaa viatu, akasimama mapokezi na kusema kwa sauti iliyowafikia wote waliokuwa wakisubiri: "Dada, nimelipa elfu arobaini, umenichua dakika kumi tu. Muda wote uliobaki umenifanyisha mazoezi."

Si wa kwanza. Tangu tufungue chumba chetu cha kuchua na kunyoosha misuli hapa Dar es Salaam haupiti mwezi sijasikia lalamiko hili, na karibu kila mara linatoka kwa mtu mwenye tatizo lile lile: misuli ya nyuma ya paja imekaza, akiinama vidole vinaishia magotini. Sipendi mteja aondoke akijiona ameibiwa, kwa hiyo naeleza.

Misuli hiyo ni mitatu. Inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaouhisi ukikaa kwenye benchi la mbao, inashuka nyuma ya paja, inavuka goti na kujishikiza chini yake. Nikiichua inalegea, maumivu yanapungua na ukiinama unafika chini zaidi. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila haikai. Kesho ukirudi kwenye kiti cha ofisi, au kwenye bajaji katika foleni ya Mwenge, mguu unarudi ulipokuwa. Ningeweza kukuchua saa nzima ukatoka unatabasamu, na wiki ijayo ukaniletea elfu arobaini nyingine kwa kazi ile ile. Ningepata pesa zaidi, lakini paja lako lingebaki vile vile.

Kwa hiyo nikishakuchua nautumia ulegevu ule kabla haujapotea. Unalala chali, nyonga imekunjwa digrii 90, nakunyoosha goti taratibu mpaka useme basi, naweka kipimapembe. Yule mama alibakiza digrii 41 mguu kunyooka. Kisha nakuwekea kisigino begani kwangu: nisukume kama unataka kukunja goti, hesabu mpaka sita, achia. Hapo hapo paja linakubali kusogea kidogo, nami nashikilia pale kwa sekunde 30. Tunarudia mara tatu. Mama alishuka hadi digrii 33, na namba zote mbili ziko kwenye kadi yake.

Sekunde 30 sikuzibuni mimi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulilinganisha sekunde 15, 30 na 60 kwenye misuli hii hii, siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Thelathini zilizidi kumi na tano, na sitini hazikuongeza kitu. Anayejinyoosha sekunde tano huku akidundadunda anajichosha tu. Na katika wiki za mwanzo msuli wenyewe haurefuki sana; kinachobadilika zaidi ni mwili kuzoea kuvutwa bila kujihami. Mazoea hayo nitakuanzishia mimi, lakini yanajengwa nyumbani, kwa kanga iliyokunjwa na kupitishwa chini ya unyayo. Baadaye tunaongeza mazoezi ya nguvu, msuli ufanye kazi ukiwa umerefuka. Wengi wanayakwepa haya, na ndiyo yanayokaa.

Sasa njia ya mkato. Kijana mmoja wa klabu ya jogingi aliniambia bei yangu ni kubwa, akaenda kuvutwa na wenzake baada ya mbio za Jumamosi. Mmoja alimkalia paja la kushoto, mwingine akausukuma mguu wa kulia juu kwa nguvu. Alisikia kitu kimekatika karibu na kalio. Alipokuja kwangu siku ya tatu alikuwa amevilia damu kutoka kalioni hadi nyuma ya goti, rangi ya zambarau iliyoiva, na usiku wake kuna mtu alikuwa amemchua kwa dawa ya moto. Msuli uliochanika hauchuliwi wala hauvutwi siku za mwanzo, unazidi kuvuja. Nilimpeleka hospitali kwanza. Alirudi kukimbia baada ya miezi mitano, na alichonilipa kingetosha vipindi vya watu watatu waliokaza tu.

Kuna na wale ambao msuli wao hauna kosa. Dereva mmoja wa bajaji alijinyoosha mwaka mzima kila asubuhi na kila asubuhi alizidi kuumia. Nilimkalisha ukingoni mwa kitanda, mgongo umejikunja, kidevu kifuani, nikamnyoosha goti. Akaruka. Nikamwambia ainue kichwa tu, mguu nisiuguse, na ule mvuto wa nyuma ya paja ukapungua. Msuli wa paja haujali kichwa kiko wapi. Ule ulikuwa mshipa wa fahamu unaotoka mgongoni, na yeye alikuwa akiuvuta kwa bidii kila siku akidhani anajitibu. Ndiyo maana kipindi cha kwanza natumia dakika ishirini kuuliza na kupima kabla sijafungua chupa ya mafuta. Dakika hizo zimo kwenye elfu arobaini, na sitazipunguza ili bei ishuke. Ukisikia ganzi au moto unaofika vidoleni, niambie. Ukipata ganzi sehemu za siri au mkojo ukakataa, usije kwangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa waliokaza tu na wanaoshika zoezi lao nyumbani sihitaji vipindi kumi. Wengi nawaona mara nne ndani ya wiki sita, nikipima kila wanapokuja, na namba isiposogea nawaambia, tunatafuta sababu nyingine. Yule mama nimemwomba arudi Jumanne na kanga yake nione anavyoivuta.

Njoo na kaptula au suruali inayovutika, na kama una picha za mgongo zilete. Wanaume wanaopenda kuhudumiwa na mwanamume, mwenzangu yupo Jumatatu hadi Alhamisi. Jumamosi tunafunga saa nane mchana.