Mwanangu, arusi isikuharakishe

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Mamako ameniambia wataka kuja arusini kwa ndege, ukiirusha wewe mwenyewe, na wenzako wawili ndani, Ijumaa asubuhi kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Nimefurahi, wallahi. Kisha nikapanda juu ya dari nikaangalia upande wa Shimba, na vile vilima sikuviona. Ni Mei, mvua ya mwaka haijaisha, na asubuhi wingu huteremka karibu ligusane na minazi.

Wakumbuka ile ndege ndogo iliyoruka Ukunda kwenda Maasai Mara, Oktoba 2025, ikaanguka Tsimba Golini kule Kwale asubuhi ya hali mbaya ya hewa. Watu 11, hakupona hata mmoja. Sisemi lolote juu ya rubani wake, Mungu amrehemu. Lakini tangu siku ile nikisikia injini juu ya paa huacha ninalofanya mpaka sauti ipotee.

Idi iliyopita ulinionyesha jambo barazani ambalo halijanitoka. Ulishika kikombe cha kahawa ukakizungusha taratibu juu ya sinia. Kikombe kikazunguka, povu likabaki palepale. Ukaendelea kuzungusha, mara povu nalo likafuata, vikaenda pamoja kama kitu kimoja. Ukaniambia, "Baba, sikio la ndani liko hivi hivi. Yale maji yake yakishashika mwendo wa ndege, rubani aliye ndani ya wingu huhisi amenyooka, kumbe anapinda. Akiinyoosha ndege, mwili humwambia kuwa sasa ndiyo imelala upande, basi huirudisha palepale penye kumuua." Ukanieleza kuwa mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 waliojua kuruka kwa macho, kwa kutazama nje, si kwa vipimo vya ndani ya ndege, na walipozuiwa kuona nje, kwa wastani walipoteza udhibiti wa ndege baada ya sekunde 178. Ulipokwenda kulala nilizihesabu kwa saa ya ukutani. Hazitimii dakika tatu. Kahawa yangu ilikuwa bado moto.

Mimi hayo nimeyaonja baharini. Mwisho wa kaskazi, mwaka niliomuoa mamako, tulitoka Lamu na shehena ya boriti. Tulipopita Malindi mvua ikatufunika hata nikiwa tezi nyuma siioni omo mbele. Moyo wangu uliniapia kuwa pwani iko kulia, tunakwenda nayo sambamba. Dira ikasema tumegeuka, twaelekea magharibi, kwenye mwamba. Niligonga kioo chake kwa kidole nikidhani sindano imekwama. Serahangi wangu, mtu mzima kuniliko, akasema, "Nahodha, hiyo haina moyo. Ifuate." Nikaifuata. Mvua ilipopungua tukaingia Kilifi, tukalala nanga siku mbili, na tulipofika Mombasa mwenye mali alinitukana mbele ya wachukuzi wote. Maneno yake leo siyakumbuki hata moja.

Nami nilikuwa nimeishika dira miaka. Leseni yako ni ya kuruka kwa macho, mtihani wa vipimo bado hujaufanya. Ujuzi wako siutilii shaka. Ninachokiogopa ni arusi. Mwana wa rais Kennedy wa Marekani, Julai 1999, naye alikuwa akirusha ndege kwenda arusi ya binamu yake, usiku, juu ya bahari yenye utusitusi, na mkewe na shemeji yake ndani. Walianguka, na wachunguzi walisema alipotewa na hisia ya juu na chini. Watu wanakungoja, nguo zimeshonwa, wenzako wamekwisha funga mabegi. Hayo ndiyo humsukuma mtu kusema, wingu si zito, nitapenya.

Basi nakupa ruhusa yangu mapema, usije ukaitafuta ukiwa angani. Ukifika Voi ukaliona limefunga mbele, geuka. Ukiamka Ijumaa ukaona hapaeleweki, usiwashe injini, panda treni, nitakuja kukupokea Miritini hata iwe saa ngapi. Wenzako wakinuna, wape simu niseme nao. Na ukikosa arusi yote, mamako hatakuuliza kitu, tumeshazungumza mimi naye. Biriani yako itakaa chini ya kawa, ile nyekundu ya bibi yako, mpaka utakapofika.

Babako