Barua ya wazi kwa wajumbe wapya wa bodi ya ushirika wetu wa umeme

Ndugu zangu wajumbe,

Nawapongeza kwa kuchaguliwa. Kwa kuwa wengi wenu mnaniita baba au mzee, nimeona niwaandikie mapema, kabla hamjakaa kikao cha kwanza, na niandike hadharani ili wanachama waliowapigia kura nao wasome na wajue cha kuwadai. Nimekaa katika kamati za ushirika tangu enzi za kahawa mpaka zama hizi za nyaya na mita, na ninachotaka kuwaambia ni kimoja: mjumbe wa bodi ana mamlaka akiwa kikaoni tu, na akiwa kikaoni kazi yake ya kwanza ni kuuliza uniti za umeme tulizonunua zimekwenda wapi. Akishatoka nje ya chumba kile yeye ni mwanachama kama wenzake, hata kama barabarani anaitwa mheshimiwa.

Wengi wetu tulijifunza ushirika kwenye mazao. Bugisu Cooperative Union, chama kikuu cha wakulima wa kahawa cha mashariki mwa Uganda, ilianzishwa mwaka 1954, mwaka ule ule lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lakini miaka mingi ilipita kabla ya ushirika na umeme kukutana katika nchi hii. Bodi ya Umeme ya Uganda, ile tuliyoizoea kwa jina la UEB, ilishika kila kitu peke yake hadi Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 ilipofungua mlango, na baadaye ikagawanywa kuwa kampuni tatu: ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza. Katika mlango huo ndipo vyama vya ushirika wa umeme, cha Bundibugyo, cha Pader na Abim, na cha Kyegegwa, vilipopita. Wamarekani wa NRECA, ambao ni muungano wa vyama vya ushirika wa umeme vya kwao, walisaidia baadhi ya vyama hivyo kuanza, na walikuwa wanayajua wanayoyasema, kwa maana mwaka 1935, Rais Franklin Roosevelt alipoanzisha wakala wa umeme vijijini, shamba moja tu kati ya kumi hivi nchini mwao lilikuwa na umeme. Makampuni hayakuona faida ya kuvuta nyaya kwenda kwa watu waliotawanyika, kwa hiyo wakulima wakaungana. Sisi nasi hatukuungana kwa sababu nyingine.

Hata hivyo, mwenye uzoefu wa kahawa anapoingia kwenye umeme lazima ajifunze upya jambo moja. Kahawa isipouzwa leo inalala ghalani, na mwizi akiiba gunia mlinzi ataliona pengo. Umeme hauna ghala. Uniti iliyopita kwenye mita yetu kubwa, pale tunapopokea umeme wa kilovolti 33 kutoka kwenye gridi, imeshahesabiwa kuwa deni letu, iwe imewasha jokofu la chanjo katika kituo cha afya, au imepashia joto waya uliochakaa, au imeingia kwenye nyumba ya mtu aliyechepusha mita yake. Ankara ya umeme wa jumla itakuja mwisho wa mwezi bila kujali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali inayostahili usemi huo kuliko hii, ambayo haionekani hata inapopotea mbele ya macho yako.

Niruhusuni nipige hesabu ya mfano, kwa sababu kuna wajumbe wanaoogopa karatasi zenye tarakimu na kuwaachia mweka hazina. Tuseme chama kimenunua uniti 100. Kati ya hizo, mita za wateja zikijumlishwa zote zinaonyesha uniti 75. Hapo 25 zimepotea njiani. Sasa katika zile 75, tuseme wateja wa ankara, yaani wanaolipa baada ya kutumia, zikiwemo taasisi zinazochelewesha malipo, wanaacha sehemu moja ya tano bila kulipwa. Basi fedha iliyoingia ofisini ni ya uniti 60 peke yake. Chama kimenunua 100 na kulipwa 60, na bado kuna mishahara, mafuta ya pikipiki za mafundi na nguzo zilizoliwa na mchwa. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, inapopanga bei huruhusu kiwango fulani cha upotevu kiingizwe ndani ya bei hiyo. Kinachozidi hapo hakuna wa kukilipa ila chama chenyewe. Mjumbe asiyejua namba hizi tatu za mwezi uliopita, yaani zilizonunuliwa, zilizouzwa na zilizolipwa, hajui hali ya chama, hata awe na shahada ngapi.

Mkishazijua namba, msiishie kulaumu wezi. Wezi wapo, na Sheria ya Umeme ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022 adhabu za wizi wa umeme na uharibifu wa mitambo ziliongezwa sana, lakini polisi hawawezi kuwatafutia uniti msizojua zimepotelea wapi. Ulizeni kila transfoma ina mita yake? Ikiwa ina mita, fundi anaweza kulinganisha kilichopita pale na jumla ya mita za nyumba zinazolishwa na transfoma hiyo, na kwa njia hiyo upotevu wa wilaya nzima unageuka kuwa upotevu wa kijiji fulani, kisha wa mstari fulani wa nguzo. Nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo: transfoma moja kwenye kituo cha biashara, yenye mashine mbili za kusaga na fundi wa kuchomelea vyuma, ilikuwa na upotevu mkubwa kuliko transfoma zote za vijiji vilivyoizunguka zikiwekwa pamoja. Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ikiwa hakuna mita hata moja kwenye transfoma zenu, basi ombi la kununua mita hizo litangulie ombi la kununua gari la ofisi.

Upotevu mwingine hauna mwizi kabisa, na huu ndio wajumbe huuongeza kwa mikono yao wakidhani wanatenda wema. Mkondo unaopita kwenye waya ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopotea kwa joto la waya huongezeka mara nne. Ndiyo maana nyumba ya mwisho kwenye laini ndefu, ambayo ingepaswa kupata volti 240, jioni inapata pungufu kiasi kwamba taa inakuwa nyekundu na televisheni inazima yenyewe. Sasa diwani anakuja msimu wa kampeni, au mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au shemeji yako, anataka nyumba kumi na tano ziunganishwe kwenye transfoma ambayo tayari imelemewa. Mjumbe anakubali kwa mdomo palepale, chini ya mwembe, watu wanapiga makofi. Miezi michache baadaye transfoma inaungua, na kijiji kizima, pamoja na hao kumi na tano, kinakaa gizani kikisubiri fedha ambazo chama hakina. Kuunganisha watu ndiyo sababu ya kuwepo kwetu, na orodha ya wanaosubiri isomwe kila kikao, lakini iende kwa utaratibu: fundi apime mzigo kwanza, meneja alete gharama, bodi iamue, kisha mtu wa kwanza kwenye orodha awe wa kwanza kuunganishwa.

Mtapigiwa simu, hilo halina shaka. Itakuwa jioni, Jumamosi labda, na sauti itasema, "Mjomba, hawa watoto wa ofisini wamenikatia, na wewe ndiye bodi." Usimpigie fundi. Ukimpigia fundi, kesho fundi huyo anajua ana mabwana tisa, na atachagua wa kumtii kadiri inavyomfaa. Msikilize mpwa wako kwa upole, mwambie aripoti ofisini, apewe namba ya malalamiko, na uiandike namba hiyo. Kwenye kikao usiulize habari za mpwa wako. Uliza malalamiko yote ya mwezi ule yalichukua siku ngapi kumalizwa, na yapi hayajamalizwa. Ukipata jibu la swali hilo, utakuwa umemsaidia mpwa wako na jirani yake asiye na mjomba. Ripoti moja tu ndiyo haisubiri kikao wala utaratibu, nayo ni waya ulioanguka: hapo mtu yeyote ampigie yeyote, watu na ng'ombe wawekwe mbali, na laini izimwe.

Bodi ina mfanyakazi mmoja, naye ni meneja. Mafundi, makarani na wasoma mita ni wa meneja. Mpeni malengo yaliyoandikwa, mpimeni kwa malengo hayo, na akishindwa mwondoeni kwa utaratibu wa mkataba wake, lakini msimfanye tarishi. Na ninyi kwa ninyi, bishaneni ndani kwa nguvu zote. Aliyepinga aombe jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba alipinga na kwa sababu gani. Uamuzi ukishapita ni wa bodi nzima. Mjumbe anayepiga kura ya ndiyo mezani kisha akaenda sokoni kusema "wenzangu walinizidi" hafai, na sioni haja ya kulisema hilo kwa lugha laini.

Posho. Najua neno hili linawasha masikio, lakini tulizungumze. Vikao vya bodi vina gharama zake na mtu asiache shamba lake bure, ila kiwango cha posho kipangwe na mkutano mkuu, si na wanaoipokea, na idadi ya vikao kwa mwaka ijulikane tangu mwanzo. Nimeona chama kimoja cha mazao, sitakitaja, ambapo kamati ndogo zilizaa kamati ndogo nyingine mpaka fedha za vikao zikazidi fedha za mbegu. Mambo ya zabuni ni mazito zaidi. Nguzo za mikaratusi zisizowekwa dawa vizuri huoza mapema chini ya udongo, na ni rahisi kabisa kwa mjumbe mwenye ndugu mwenye msitu kuona kwamba nguzo za ndugu yake zinatosha. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye maslahi aseme mapema, atoke nje ya chumba wakati wa kuamua, na kutoka kwake kuandikwe.

Katika ushirika, tangu wale wafumaji wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844, mwanachama mmoja ana kura moja, awe na taa mbili au kinu cha kukoboa kahawa. Lakini wengi wanaotumia umeme wetu ni wateja tu; hawajanunua hisa, hawaji kwenye mkutano mkuu, na wanaokuja wengine hufuata soda. Hesabu zilizokaguliwa zisomwe kwenye mkutano huo kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Leseni na barua za ERA zimeandikwa kwa Kiingereza, na katika eneo letu, ambapo jirani na jirani hawana lugha moja ya mama, Kiswahili ndicho kinachotukusanya sokoni na mpakani, basi kitukusanye na kwenye hesabu pia. Baraza la mawaziri lilikwishakipitisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi. Hatuhitaji kusubiri kingine.

Mkumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya nguzo na nyaya za vijijini zilijengwa kwa fedha za serikali na vyama vikakabidhiwa kuziendesha kwa leseni yenye mwisho. Kampuni iliyoitwa Umeme, msambazaji aliyekuwa mkubwa kuliko sote, mkataba wake wa miaka 20 uliisha tarehe 31 Machi 2025 na shughuli zikarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme. Chama chenye daftari la mali lililo sahihi, kila nguzo na namba yake, kila transfoma na mwaka wake, kinaweza kukaa mezani siku ya kuongeza leseni au siku ya makabidhiano na kudai haki za wanachama wake. Chama kisicho na daftari hilo kitakubali hesabu ya yule wa upande wa pili.

Kwa hiyo kwenye kikao chenu cha kwanza, kabla ya kuchagua mwenyekiti wa kamati hii na ile, mwombeni meneja karatasi nne: uniti zilizonunuliwa, zilizouzwa na zilizolipwa kwa miezi kumi na miwili iliyopita, upotevu wa kila transfoma yenye mita, pamoja na orodha ya zisizo nayo, daftari la mali, na nakala ya leseni yenye tarehe yake ya mwisho. Akisema hazipo tayari, mpeni tarehe. Tarehe ikipita, iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mliomba na hamkupewa, na nakala ya kumbukumbu hizo ibandikwe ofisini mahali ambapo sisi wanachama tunanunulia tokeni.

Mzee wenu,
mwanachama mwenye kura moja