Wifi, usimtupie mtoto viwavi wake

Wifi yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na ile sehemu ya mwisho uliyodhani umeshazima simu. Nimeelewa: mtoto kajaza viwavi kwenye kopo la sukari, wewe umelimwaga nje, naye kalia mpaka usingizi ukampitia. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kesi hii haiko kwako peke yako, na pia kwa sababu mbele ya watu hutanikatia simu.

Kwanza hao si viwavi wa kuwasha. Wa kuwasha wana manyoya, na hao nakuunga mkono, wakae mbali na mikono ya mtoto, wao na nge na tandu. Hawa wa kwenye mlimao wako ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, anayezungukazunguka milimao na michungwa akitaga yai mojamoja kwenye majani machanga. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Kiwavi akiwa mdogo ana rangi ya kahawia iliyokoza na baka jeupe. Ukimtupia jicho utadhani kinyesi cha ndege, na ndege mwenye njaa naye hudhani hivyohivyo. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo kwa ncha ya jani uone: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini zenye rangi ya machungwa, na harufu kali inakupiga puani. Punde zimerudi ndani.

Hapo mtoto atakuuliza, "Mama, kwa nini ananuka?" Ombi langu kubwa ni hili: usimjibu upesi. Mwulize yeye anafikirije, halafu mwache swali limkere siku mbili tatu. Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi, na watoto wengi niliowaona wakichoka na somo walichoshwa na watu wazima wenye majibu ya haraka. Likizo iliyopita mwanao alinionyesha daftari: yai, lava (ndiye kiwavi), pupa (kiwavi aliyejifungia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo), kipepeo, mishale inazunguka, na vema kubwa ya wino mwekundu. Nikamwuliza, lava umemwona wapi? Akaniambia, "Ubaoni." Na nje ya dirisha mlimao umetafunwa majani! Simlaumu mwalimu wake, darasa lililofurika vile nalijua. Lakini wewe una mtoto mmoja na mti mmoja.

Kwa hiyo mtafutie kopo lake la plastiki, lenye mdomo mpana. Lifunike juu kwa kipande cha kanga kuukuu na kukikaza kwa mpira. Msitumie chandarua chenye dawa, maana dawa ile haichagui kati ya mbu na kiwavi, na mwambie kaka asipulizie dawa mlimao kwa sasa. Wekeni tawi lenye majani mabichi, mbadilishe kila siku na kumwaga kinyesi. Ukitaka mtoto aone jambo kwa macho yake, mweke kiwavi katikati, upande huu jani la mlimao, upande huu la mchicha, mwache akae na kutazama. Mchicha hautaguswa. Mtoto wa miaka mitano hapo amefanya jaribio kamili, na hakuna aliyemtamkia neno "jaribio."

Usidhani ni mchezo wa kupoteza muda. Zamani Ulaya wasomi wengi waliamini wadudu huzaliwa kutokana na tope na vitu vilivyooza. Maria Sibylla Merian, mchoraji aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647, alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na miaka 13, akawachora hatua kwa hatua, kutoka yai mpaka mdudu mwenye mabawa, na kitabu chake cha viwavi kikatoka mwaka 1679. Na kama kaka ataleta maneno ya "hii ina faida gani," mwambie kule Gede, pwani ya Kenya, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, wanakijiji wanafuga viwavi tangu 1993, na pupa wao husafirishwa hadi nje ya Afrika kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Huyo anapenda hoja zenye hela ndani yake.

Wadudu wengine wapo pia. Chota maji ya lile pipa la nyuma kwenye chupa angavu: viluwiluwi vinavyolala sambamba na uso wa maji ni vya mbu wa malaria, vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine. Vikianza kujikunja vikawa pupa, mwaga kwenye udongo mkavu, usije ukanilaumu. Konokono mpandishe kwenye kioo, mtoto atazame kwa chini jinsi nyama ya tumbo inavyopita mawimbi. Baadaye mikono kwa sabuni, bila mjadala, kwani konokono hubeba minyoo.

Turudi kwenye kopo. Kiwavi akishakomaa ataacha kula, atapanda kijiti, ajishikize mkia kwa hariri na kujizungushia uzi kiunoni, kama fundi wa umeme juu ya nguzo. Atavua ngozi na kubaki pupa, wa kijani au wa kahawia. Hapo mtoto atakuja mbio kusema amekufa. Wewe mwulize atajuaje. Kwa kawaida ni wiki mbili au tatu, wakati mwingine zaidi, na huo ndio muda mgumu kwa mtoto, na kwako pia, maana utatamani kulitupa. Kipepeo akitoka, mabawa yake huwa yamekunjamana na yamelowa. Ananing'inia akiyasukumia maji ya mwilini mpaka yanyooke, kisha anasubiri yakauke. Asisaidiwe kutoka wala kunyooshwa bawa, ataharibika.

Ila nikwambie mapema, safari nyingine hatoki kipepeo. Unakuta pupa ana tundu dogo, na ndani ya kopo wanatembea nyigu wadogo sana, wadogo kuliko sisimizi. Mama yao alitaga mayai ndani ya pupa, nao wakamla kutokea ndani. Najua utataka kulimwaga kabla mtoto hajarudi kutoka shule na kumwambia kipepeo ameruka. Usifanye hivyo, wifi. Mwonyeshe lile tundu, mpe na kioo cha kukuza kama kipo. Atalia kidogo, halafu ataanza kuuliza waliingiaje humo, na kopo lilikuwa limefunikwa. Mkae mlifikirie wote, na siku nikija nataka kusikia yeye anasemaje, siyo wewe.

Wako, wifi