Magugu ya Shamba Lako la Ruai

Waithaka, Dagoretti,
Nairobi.
Tarehe 9 Mei

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku tu wazima, ila mvua imenyesha siku tatu mfululizo na udongo mwekundu umeingia mpaka sebuleni. Nilizipokea picha saba za magugu ya shamba lako ulizonitumia kwa simu Jumapili ukitaka kuyajua, nikazitazama nikiwa na miwani na bila miwani, nikaona kwamba jibu lake ni refu mno kuandikwa kwa kidole kwenye kioo cha simu. Ndiyo maana unasoma barua.

Nianze na picha ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyoninyima usingizi. Umeandika chini yake kwamba mnavu umejiotea wenyewe pale palipokuwa na rundo la samadi, na kwamba wiki ijayo utauchuma uupike. Tafadhali usiuchume bado. Katika picha ile naona mimea ya aina mbili iliyosongamana, na mmoja wao, ule wenye majani mapana zaidi upande wa kushoto, nina hakika kwamba ni mranaha, ambao wataalamu huuita Datura stramonium. Umo katika ukoo mmoja na mnavu, pamoja na nyanya, biringanya na viazi, na undugu huo ndio unaowapotosha watu wakati mimea ingali michanga. Lakini mranaha una sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Aliyeula hukaukwa na kinywa, mboni za macho humpanuka, moyo humwenda mbio, kisha huanza kuweweseka na kuona visivyokuwapo.

Namna ya kuitenganisha ni hii. Chuchumaa, utafute miche midogo kabisa iliyotoka ardhini juzi, ambayo bado ina yale majani mawili ya kwanza yanayotoka kwenye mbegu. Ya mnavu ni madogo, yana umbo la yai lililochongoka kidogo. Ya mranaha ni marefu na membamba, kama ncha ya mkuki. Kwa mche uliokwisha kukua, chukua jani moja ulifikiche vidoleni. La mnavu hunuka kimajani tu, la mranaha hutoa harufu nzito inayochukiza, na ukingo wake una meno makubwa yasiyolingana. Maua yakitoka hapana tena shaka: ya mnavu ni madogo, meupe, yenye kitovu cha manjano, nayo huning'inia kwa vikonyo vichache pamoja, la mranaha hutoka moja moja mahali tawi linapogawanyika, refu kama tarumbeta, na hufunguka jioni. Matunda ya mnavu ni laini, ya mviringo, na yakiiva huwa meusi au ya rangi ya chungwa kutegemea aina. Tunda la mranaha ni kama yai dogo lililojaa miiba, na likikauka hupasuka sehemu nne. Ukishamaliza uchunguzi huo nawa mikono kwa sabuni kabla hujajigusa macho. Kisha ung'oe mranaha wote kabla haujatia mbegu, kwa kuwa mbegu zake zikichanganyika na mahindi au maharagwe wakati wa kupura, utakuwa umejiwekea sumu ghalani. Mnavu uache. Sisi tunauita managu, na ukiupika kwa maziwa kidogo utanishukuru.

Unaona, basi, kwamba jani ukilitazama kwa juu halikuambii mengi. Nilipokuwa nikifundisha, wanafunzi wangu walikuwa wakikimbilia rangi ya ua, nami nikiwarudisha kwenye shina kila mara. Gugu lolote ulishike kwanza. Je, shina ni la mviringo, la pembe nne, au la pembe tatu? Majani yametoka mawili mawili yakikabiliana, au yanapokezana, moja huku na jingine kule? Ukilikata, latoa utomvu mweupe au maji tu? Na mwisho, ulitoe na mzizi wake, maana nusu ya habari iko chini ya ardhi.

Chukua picha ya kwanza na ya pili, ambazo umeziita nyasi. Hizo si nyasi, ni ndago. Viringisha shina lake kati ya kidole gumba na cha shahada: utahisi pembe tatu zikikukwaruza, tena shina halina uwazi ndani wala vifundo. Nyasi za kweli, kama ukoka, zina shina la mviringo lenye vifundo, na majani yake yamepangwa safu mbili, ilhali ya ndago yamepangwa safu tatu. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Ukoka hutambaa, nao unaweza kuukusanya kwa reki na kuukausha juani, lakini ndago ina vijiazi vyeusi vyenye harufu ya kunukia, vilivyounganishwa kwa nyuzi kama shanga, na ukivuta juu, uzi hukatika na vijiazi hubaki. Katika ule udongo wenu mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kuvifuata vyote kwa jembe ni kazi ya msimu zaidi ya mmoja. Sikudanganyi.

Picha ya tano ni kongwe, ambayo kwetu huitwa mukengeria. Ua lake lina petali tatu, mbili kubwa za buluu na moja ndogo iliyojificha chini, na ala ya jani inayolizunguka shina ina vinyweleo vyekundu pale juu. Nililipenda gugu hili tangu nikiwa chuoni kwa sababu ya jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: mbali na maua ya buluu, huzaa maua mengine chini ya ardhi, meupe, yasiyofunguka kabisa, ambayo hujichavusha yenyewe na kutoa mbegu humo humo udongoni. Ukimwona mtu amepalilia kongwe vizuri na bado imerudi, usimcheke. Pia kipande cha shina chenye kifundo kimoja tu, kikiachwa juu ya udongo wenye unyevu, huota mizizi. Kwa hiyo usiyaache mabaki shambani. Wape mbuzi wa jirani.

Kishona nguo cha picha ya sita unakijua, kwani kilikushona baibui siku ile ya kupima shamba. Tazama tu mbegu moja kwa karibu ukipata lenzi: ni nyeusi, nyembamba, urefu wa kama sentimita moja, na kichwani ina meno mawili au matatu yenye vimiiba vilivyoelekea nyuma kama vya ndoana. Jina lake la kitaalamu, Bidens, maana yake ni meno mawili. Kile kimmea kifupi kilicho kando yake, chenye viua vidogo vya manjano vilivyozungukwa na vijipetali vitano vyeupe, kila kimoja kikiwa na meno matatu, ni Galinsoga parviflora. Hakina madhara makubwa, hung'oka kwa vidole viwili, na siwezi kukitafutia maneno zaidi.

La saba ndilo linaloniuma, kwa sababu limenitia aibu mimi mwenyewe. Vile vijani vitatu vyenye umbo la mkia wa samaki, visivyo na shina juu ya ardhi, na viua vya zambarau hafifu, ni Oxalis latifolia, gugu la asili ya Meksiko na Amerika ya Kusini. Ukitafuna kikonyo chake utahisi ukali wa ndimu. Miaka minne iliyopita lilitokea kwenye kitalu changu cha sukuma wiki, kipande kisichozidi mkeka wa kulalia. Nikachukua jembe, nikalima, nikalainisha, nikalima tena kila Jumamosi kwa bidii ya mtu aliyestaafu. Msimu uliofuata lilikuwa limefika kwenye ua wa jirani. Siku nilipochimbua mmoja taratibu kwa kijiko, nilikuta kitunguu kidogo kimekaa juu ya mzizi mnene mweupe kama karoti, na kando yake vitunguu vingine vidogo kama punje za mtama, ambavyo huachana na mama yao kwa kuguswa tu. Nilikuwa nikilipanda kwa mikono yangu. Wewe lako bado ni kichaka kimoja, basi lichimbue na bonge zima la udongo wake, ulitie kwenye gunia, na usilipeleke kwenye mboji.

Imebaki picha ya nne, ambayo sina uhakika nayo. Majani yaliyochanikachanika namna ile, yaliyolala chini kama sahani, yanaweza kuwa ya gugu karoti, Parthenium hysterophorus, na hapa kanuni yangu ya kushika naivunja mwenyewe, kwa kuwa gugu hilo huwatia watu wengi muwasho na vipele vya ngozi. Bila ua siwezi kuapa. Vaa glavu, ung'oe mmoja na mzizi wake, uulaze kati ya kurasa za gazeti kuukuu, uweke vitabu vizito juu yake, na uandike kwenye karatasi siku na mahali ulipoutoa. Ukiacha mwingine usimame mpaka uchanue, nitautambua mara moja, kwani vichwa vyake vya maua ni vidogo, vyeupe na vina pembe tano. Ila usiuache ukatia mbegu.

Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo, Mungu akipenda, kwa matatu ya asubuhi. Nikishindwa kuutambua huo wa nne, tutaupeleka pamoja kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyoko Makumbusho ya Taifa. Mwambie shemeji asifyeke upande wa samadi mpaka nifike.

Wako akupendaye,
Wanjiku