Barua ya wazi kwa vijana wanaosanifu mitandao isiyotumia waya

Wanangu,

Katika kazi nyingi mnazonipa nizisome nakuta dhana moja isiyohojiwa, nayo ni kwamba mnara unaijua barabara chaneli ya kila mtumiaji, yaani namna mawimbi yanavyobadilika njiani kati ya antena zake na simu ya mtumiaji huyo. Dhana hiyo huipendezesha michoro yenu, kisha huwaangusha siku mtambo unapowashwa.

Chukueni mnara wenye antena 2 unaowahudumia watumiaji 2 kwa masafa yaleyale na wakati uleule. Ukiijua chaneli kikamilifu, huipanga ishara ya kila mmoja ijifute pale alipo mwenzake, na mikondo 2 ya data hupita bila kugongana. Ukiijua kwa makosa, hata kidogo, ufutaji hautimii, na mabaki ya mwingiliano, yaani ishara ya mmoja inayomvuruga mwenzake, hukua sambamba na nguvu ya mnara. Hapo kuongeza nguvu hakuwafai kitu, kwa kuwa ishara na mwingiliano hupanda pamoja huku kasi ya data ikibaki palepale.

Gharama ya kuepuka hali hiyo inajulikana. Mwaka 2006 mtafiti Nihar Jindal alionyesha kwamba mnara wenye antena 4 unaohudumia watumiaji 4 huhitaji kila mtumiaji aongeze biti 3 za mrejesho, yaani taarifa ya chaneli anayoirudisha kwa mnara, kwa kila desibeli 3 za uwiano wa ishara na kelele. Kwa desibeli 30 hizo ni biti 30 kwa kila mtumiaji, tena zirudiwe kila chaneli inapobadilika, na chaneli haimsubiri mtu. Katika masafa ya gigahezi 2, urefu wa wimbi ni sentimita 15; mtumiaji anayekwenda kilomita 108 kwa saa huvuka nusu ya wimbi ndani ya milisekunde 2.5. Mrejesho unaochukua milisekunde 5 kufika humweleza mnara habari za mahali ambapo mtumiaji hayupo tena.

Najua mnavyoupenda upangaji wa mwingiliano wa watafiti Cadambe na Jafar wa mwaka 2008, yaani kuzipanga ishara za wengine zirundikane pamoja kwenye kila kipokezi ili ile inayotakiwa ibaki na nafasi yake, ambao huipa kila jozi ya kisambazaji na kipokezi nusu ya uwezo ambao ingekuwa nao peke yake, hata jozi ziwe nyingi kiasi gani. Nami naustahi sana. Lakini mwaka 2016 Davoodi na Jafar, huyohuyo Jafar, walithibitisha kwamba iwapo usahihi wa taarifa ya chaneli kwenye visambazaji hauongezeki kadiri nguvu inavyoongezeka, faida hiyo huporomoka hadi mkondo 1 kwa mtandao mzima. Someni kazi zote mbili, msiishie kwenye ile ya kwanza.

Sisemi mkate tamaa. Watafiti Maddah-Ali na Tse walionyesha mwaka 2012 kwamba hata taarifa iliyopitwa na wakati kabisa ina thamani: katika mfano wetu wa antena 2, mikondo 2 ya ujuzi kamili hushuka hadi 4/3, si hadi 1. Vilevile ujumbe waweza kugawanywa, sehemu moja ikatumwa ili vipokezi vyote viifumbue na kuiondoa, na nyingine ikaachiwa ufutaji ambao usahihi mlio nao unaumudu. Njia hii naipendelea kwa sababu inaanza na kile mnara unachokijua kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mbinu, pimeni umri wa taarifa yenu ya chaneli na ukubwa wa kosa lake. Toeni kwenye hesabu muda unaoliwa na ishara elekezi zinazotumwa ili chaneli ipimwe, na mkumbuke kwamba seli jirani, yaani maeneo yanayohudumiwa na minara mingine, zikitumia ishara elekezi zilezile, vipimo vyenu huchanganyika na vya watu wengine. Kila mchoro wa ujuzi kamili uwekeeni kando mchoro wa pili wenye kosa na ucheleweshaji wa mtandao wenu. Na pale mchoro wa pili unapoonyesha kuwa ufutaji unashindwa na ugawaji wa kawaida wa muda au masafa, gaweni muda au masafa.

Wenu katika fani,
Mzee wenu